Usione Vyaelea: Mpira wa Kongo na Huruma ya Binadamu

Wahenga wetu walisema mengi juu ya uchungu wa mtu mwingine, na karibu yote waliyoyasema ni maonyo. Walisema kuwa mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakasema pia kuwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukizitazama methali hizi kwa makini utaona kwamba hazimsifu binadamu kwa huruma yake. Zamkumbusha kuwa kuuhisi uchungu wa mwenziwe ni kazi ngumu, ambayo moyo hauifanyi wenyewe bila kuzoezwa. Wahenga hao, hata hivyo, waliishi katika vijiji na miji midogo, ambamo aliyeumia na aliyemwumiza walijuana kwa sura na kwa ukoo. Je, huruma huwaje pale ambapo wawili hao hawataonana abadani, na kati yao pamewekwa bahari, meli, madaftari ya hesabu na makarani mia?

Hilo ndilo swali la makala haya. Husemwa mara nyingi, na sisi walimu husema kuliko wengine, kwamba maisha ya kisasa yameua utu, kwamba watu hawana imani tena na kila mmoja ana lake. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayaelezi kitu. Ili kujua jinsi huruma inavyokufa, na jinsi inavyoweza kuhuishwa, yafaa tuache kulalamika tuitazame historia. Nimeichagua historia ya mpira wa Kongo kati ya mwaka 1885 na mwaka 1908. Iko mlangoni petu, na inaonyesha waziwazi namna maelfu ya watu wanavyoweza kuangamizwa kwa manufaa ya watu wasiowachukia, wasiowajua, na wasiowahi kuwaona.

Gurudumu la mtoto

Kisa hiki chaanza na tendo la upendo. Mnamo mwaka 1887, katika mji wa Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alimwona mwanawe mdogo akihangaika na baiskeli yake ya magurudumu matatu. Magurudumu ya siku hizo yalikuwa magumu, na kila jiwe la barabarani lilimrusha mpandaji. Baba huyo akafanya maarifa, akayazungushia magurudumu mpira mwembamba uliojazwa hewa, na mtoto akapata raha. Mwaka uliofuata, 1888, Dunlop aliandikisha haki ya uvumbuzi wake. Muda si muda baiskeli za aina hiyo zilienea Ulaya na Marekani, na kufikia mwaka 1895 ndugu wawili wa Michelin, huko Ufaransa, walikuwa wamekwisha kutia mpira wa hewa katika motokaa.

Hapana mtu awezaye kumlaumu Dunlop. Lakini mpira haukutoka Belfast. Wakati ule mashamba makubwa ya mpira ya Asia yalikuwa bado hayajatoa mavuno ya kutosha, na sehemu kubwa ya mpira wa ulimwengu ilitoka katika misitu ya Amerika ya Kusini na ya Afrika ya Kati. Katika msitu wa Kongo ulitoka katika mimea itambaayo, jamaa ya mbungo tunaoufahamu sisi, ambayo hupanda miti mirefu kutafuta jua. Ili kupata utomvu, mtu ilimpasa kuingia msituni siku nyingi, kuparamia miti, kuukata mmea, na kuukusanya utomvu tone kwa tone. Wengine waliupaka miilini mwao hadi ugande, kisha wakaubambua pamoja na nywele za ngozi zao. Hakuna mtu mwenye akili timamu angefanya kazi hiyo kwa hiari kwa ujira wa shanga chache. Kwa hiyo ikafanywa kwa shuruti.

Mwenye nchi asiyeifahamu nchi

Wakati huo Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja. Baada ya Mkutano wa Berlin, uliofanyika kutoka Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa makubwa yalimkubalia Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aitawale nchi iliyo kubwa kuliko Ubelgiji mara sabini na zaidi, yeye binafsi, wala si kwa niaba ya wananchi wake. Nchi hiyo ikaitwa Dola Huru ya Kongo. Mfalme huyo alikufa mwaka 1909 bila ya kuikanyaga hata mara moja.

Jambo linalopasa kuangaliwa ni sababu aliyoitoa mbele ya walimwengu. Leopold alisema kwamba anakwenda Kongo kwa ajili ya huruma, ili awaokoe Waafrika na biashara ya utumwa. Na biashara hiyo ilikuwapo kweli. Sisi tunaokipenda Kiswahili hatuna budi kulikiri jambo hilo. Lugha yetu ilifika Nyangwe, na Maporomoko ya Stanley ambayo leo ni Kisangani, pamoja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alikuwa mkuu wa misafara hiyo, na mwaka 1887 Leopold huyohuyo mpinga utumwa alimfanya kuwa gavana wake katika Maporomoko ya Stanley. Watu wema wengi wa Ulaya walioguswa na habari za watumwa walimpa mfalme sifa na msaada wao. Huruma yao haikuwa ya uongo. Ila ilikuwa huruma isiyouliza, na huruma isiyouliza ni rahisi kupotoshwa.

Hesabu ya risasi

Tangu mwaka 1891 dola ilijitwalia mpira wote na pembe zote katika sehemu kubwa ya nchi, na nyingine ikayakodishia makampuni. Moja ya makampuni hayo, lililojulikana kwa kifupi cha jina lake, ABIR, lilianzishwa mwaka 1892. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira. Wanaume walipokawia, wake zao walifungwa kuwa rehani hadi mpira uletwe. Waliopungukiwa walichapwa kwa kiboko, na neno hilo hapa lina maana yake ya asili, yaani mjeledi wa ngozi ya mnyama kiboko. Vijiji vilivyokataa vilishambuliwa na askari wa jeshi la dola, Force Publique, au na walinzi wa makampuni.

Sasa tufikie jambo ambalo ndilo hasa kiini cha makala haya. Maofisa wa Kizungu hawakuwaamini askari wao. Waliogopa kwamba watazitumia risasi kwa kuwindia wanyama, au watazificha ili waasi. Kwa hiyo wakaweka utaratibu: kwa kila risasi iliyotumika, askari alete mkono wa kuume wa mtu aliyeuawa. Mikono ikakaushwa juu ya moto ili isioze kabla ya kuhesabiwa. Mwaka 1899 mmisionari Mmarekani mweusi, William Sheppard, alifika katika kambi moja huko Kasai akaikuta mikono 81 ikikaushwa. Askari aliyekuwa amepoteza risasi, au amempigia nyani, alimkata mkono mtu aliye hai ili hesabu yake itimie.

Tukisikia habari hizi husema kwamba watu hao walikuwa wanyama. Jawabu hilo latuliza moyo, lakini halitoshi. Utaratibu wa mikono ulibuniwa na watu wenye mpango, waliotaka bohari lisipungukiwe. Ulikuwa ni utaratibu wa stakabadhi. Chimbuko lake ni shauku ya kuhesabu, ambayo ni shauku ya kila ofisi na kila kiwanda cha dunia ya kisasa. Ofisa alihesabu risasi na mikono. Mkubwa wake alihesabu vikapu vya mpira. Bwana wa kampuni huko Antwerp alihesabu tani, na mwenye hisa akahesabu faranga. Kadiri hesabu ilivyosogea mbali na msitu, ndivyo damu ilivyozidi kukauka ndani yake, hata ilipomfikia mwenye baiskeli ilikuwa safi kabisa.

Mwalimu wa lugha hukumbuka hapa kanuni moja ya sarufi yetu. Katika Kiswahili, jina la mtu hata likianza kwa ki-, kama vile kijana, kipofu au kiongozi, twalipa upatanisho wa wenye uhai: twasema kijana amefika, wala hatusemi kijana kimefika. Lugha yakataa kumtia mtu katika ngeli ya vitu ijapokuwa umbo la jina lake lafanana na la vitu. Madaftari ya makampuni ya mpira hayakuwa na kanuni hiyo.

Karani bandarini

Sauti ya kwanza kubwa ya kupinga ilitoka Maporomoko ya Stanley. Huko, mwaka 1890, George Washington Williams, mwanahistoria Mmarekani mweusi, alimwandikia Leopold barua ya wazi akimshtaki kwa udanganyifu na ukatili. Williams alikuwa amefanya jambo ambalo wageni wengi hawakulifanya: aliwauliza Wakongo wenyewe. Lakini mwaka uliofuata alifariki dunia huko Uingereza, na barua yake ikasahauliwa.

Aliyemfuata hakuwa amefika Kongo kabisa. Edmund Dene Morel alikuwa karani kijana wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, iliyokuwa na kazi ya kuchukua shehena kati ya Antwerp na Kongo. Kwa kuwa alijua Kifaransa, alipelekwa Antwerp mara kwa mara kuangalia hesabu. Siku hizo za mwisho wa karne ya 19 aliziona meli zikitia nanga zimejaa mpira na pembe. Kisha akaziona zikirudi Kongo, na shehena yake kubwa ilikuwa bunduki na risasi. Bidhaa za kuwalipa wenye mpira, kama nguo, vyombo na chumvi, karibu hazikuwamo.

Methali yetu yasema: usione vyaelea, vimeundwa. Wengi walioziona meli zile waliona vyaelea tu. Morel aliuliza vimeundwa kwa nini. Ikiwa mali inatoka na malipo hayaendi, na kinachokwenda ni risasi, basi hakuna biashara, kuna utumwa. Karani huyo aliyatambua mateso ya watu ambao hajapata kuwaona kwa njia ya tarakimu zilezile zilizokuwa zikiwaficha. Mwaka 1901 aliacha kazi, na mwaka 1904 akaanzisha pamoja na wenzake Chama cha Marekebisho ya Kongo.

Kutokana na jambo hili twapata funzo lisilosemwa mara nyingi. Twadhani huruma na akili ni vitu viwili, kwamba mmoja ana moyo na mwingine ana hesabu. Kisa cha Morel chaonyesha kwamba katika ulimwengu wa biashara ya mbali, moyo usio na hesabu hauoni kitu, kwa kuwa hakuna kilio kinachofika masikioni. Anayetaka kumhurumia mtu wa mbali ni lazima ajue kusoma daftari.

Majina, picha na vijiti

Daftari, hata hivyo, liliweza kuonyesha kwamba kuna dhuluma. Halikuweza kuwaonyesha watu. Kazi hiyo ilifanywa na wengine.

Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilimtuma balozi wake mdogo, Roger Casement, apande mto kuchunguza. Alizunguka kwa miezi kadhaa, akaandika ushahidi wa watu wengi kwa maneno yao, pamoja na majina yao na ya vijiji vyao. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1904, lakini kabla ya kuitoa, Wizara ya Mambo ya Nje iliyaondoa majina na mahali pake ikatia herufi. Mtu aliyesimulia jinsi nduguze walivyouawa akawa herufi mbili tu. Casement alikasirika na kulalamika kwa nguvu, naye alikuwa na haki. Alijua kwamba msomaji aweza kumhurumia mtu, lakini si rahisi kuihurumia herufi.

Mwezi wa Mei mwaka huohuo wa 1904, mwanamume aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika katika misheni ya Baringa akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye umri wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa ABIR baada ya kijiji kushindwa kutimiza kiasi cha mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris alimwomba akae barazani, akampiga picha. Katika picha hiyo hakuna kelele wala askari. Baba ameketi, anatazama vitu viwili vidogo vilivyo mbele yake sakafuni. Alice na mumewe John waliichukua picha hiyo na nyingine Uingereza, wakazionyesha ukutani kwa taa katika mamia ya mikutano. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kumbi zile zilijaa wazazi. Waliokuwa hawajui Kongo iko wapi walimjua Nsala.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ulitolewa na Mkongo mwenyewe, bila ya picha wala maandishi. Leopold aliposhindwa kuyazima maneno aliunda tume ya mahakimu watatu, Mbelgiji, Mwitalia na Mswisi, akitumaini kwamba watamsafisha. Tume ilifanya kazi tangu mwaka 1904 hadi 1905. Miongoni mwa mashahidi alikuwamo Lontulu, mkuu wa Bolima, ambaye mwenyewe alikuwa amechapwa viboko, amefungwa rehani na kufanyizwa kazi katika minyororo. Alipoitwa, aliweka mezani vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakuu, wanaume, wanawake na watoto. Kisha akachukua kijiti kimoja kimoja, akataja jina la kila marehemu.

Zingatia, ndugu msomaji, kwamba Lontulu naye alikuwa akihesabu. Ofisa wa risasi alihesabu, na Lontulu alihesabu. Idadi ya mikono ni tarakimu, na idadi ya vijiti ni tarakimu. Tofauti ni kwamba hesabu ya ofisa ilimaliza habari za mtu, na ya Lontulu ilizianza. Yasemekana kwamba mmoja wa mahakimu alishindwa kuyazuia machozi wakati wa kusikiliza mashahidi. Tume iliyotazamiwa imsafishe mfalme ikathibitisha mashtaka mengi. Hata hivyo, taarifa yake ya mwaka 1905 haikuchapisha maneno ya mashahidi wenyewe. Yalifungiwa katika kumbukumbu za serikali kwa miongo ya miaka.

Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji iliitwaa Kongo kutoka kwa mfalme wake. Kabla ya kuiachia, Leopold aliamuru karatasi za dola yake zichomwe moto, na tanuri zikawaka siku nane. Idadi ya waliopotea kwa kuuawa, kwa njaa na kwa maradhi haijulikani kwa hakika, kwa maana hapakuwa na hesabu ya watu kabla ya hapo. Wako wanahistoria wanaokisia kwamba wakazi walipungua hadi nusu. Kazi ya shuruti haikukoma mwaka 1908, nayo iliendelea kwa sura nyingine katika mashamba na migodi. Lakini ule utaratibu wa rehani na mikono ulivunjwa, na uliovunjwa kwa sehemu kubwa na watu waliokataa kuwa watazamaji.

Upungufu wa huruma yao

Tungekosa uaminifu kama tungeishia hapo. Iko mifano miwili inayotuonya tusiisifu huruma kuliko kiasi.

Mfano wa kwanza ni wa macho. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji kwa maonyesho makubwa, wakakalishwa katika vijiji vya bandia huko Tervuren ili watazamwe. Wabelgiji wengi sana walikwenda kuwatazama, na wengine wakawatupia vitu vya kula. Saba kati ya Wakongo hao walikufa katika baridi ya nchi ile, na makaburi yao yako Tervuren hadi leo, pamoja na majina yao: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Kwa hiyo kuona peke yake si huruma. Mtu aweza kumtazama mwenziwe kwa karibu, katika mchana mweupe, asimwone.

Mfano wa pili unachoma zaidi, kwa kuwa unamhusu Morel mwenyewe. Mnamo mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ufaransa lilikuwa na askari Waafrika katika nchi ya Ujerumani kando ya mto Rhine. Morel aliandika juu yao maneno ya chuki na ya kuogofya, akiwaeleza kana kwamba ni hatari kwa wanawake wa Ulaya. Mtu aliyewatetea Waafrika wa mbali, wenye kuteseka na kunyamaza, hakuweza kuwavumilia Waafrika walioshika bunduki karibu naye. Huruma yake ilimtaka mwenziwe awe chini. Alipomwona amesimama sawa naye, ikamtoroka.

Ndiyo maana lugha yetu ina hekima inapotofautisha huruma na utu. Mtu aweza kumhurumia hata punda. Utu wadai zaidi: kukiri kwamba yule aliye mbele yako, akilia au akisimama, ni mwenzio.

Sisi na zama zetu

Msomaji atauliza mambo haya ya kale yatuhusuje sisi. Yatuhusu kwa jambo lililo mikononi mwetu kila siku. Katika betri za simu nyingi na za magari mengi ya umeme mna madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya ulimwengu huchimbwa Kongo, hasa katika eneo la Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na mtaani. Sehemu yake huchimbwa na wachimbaji wadogo kwa sururu na mikono, katika mashimo yanayoweza kuwaporomokea. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa iliyoeleza kwamba miongoni mwao walikuwamo watoto. Mawe hayo huuzwa kwa wanunuzi, huchanganywa na mengine, husafishwa ng'ambo, huingia kiwandani, na mwisho hutufikia sisi katika kisanduku kizuri, safi kabisa. Sisemi kwamba Kolwezi ya leo ni Baringa ya mwaka 1904. Si hivyo, na mwanahistoria hapaswi kufananisha mambo kwa pupa. Nasema kwamba umbali ni uleule, daftari ni lilelile, na mara hii sisi nasi tumo miongoni mwa wenye baiskeli.

Liko tena jambo ambalo watu wa mwaka 1904 hawakulijua. Wao walishtuka kwa picha moja kwa kuwa walikuwa wameona chache. Sisi twaletewa picha za majeruhi, za wakimbizi na za watoto wenye njaa tangu asubuhi hadi usiku, zikifuatana na vichekesho na matangazo ya sabuni, na kidole huzisukuma zote kwa mwendo mmoja. Mtu hutia alama ya kusikitika, akapita. Amesikitika kweli, kwa nukta moja. Leopold aliwaficha watu wake. Zama zetu zawaonyesha wote kwa pamoja, na matokeo yaweza kukaribia kuwa yaleyale. Umati uliomtazama Nsala ulikaa saa nzima katika giza la ukumbi, ukasikiliza jina lake na jina la mwanawe, kisha ukatoka ukiwa na kazi ya kufanya: kutia saini, kutoa mchango, kumwandikia mbunge. Huruma yahitaji muda, jina na kazi. Tukiipokonya hivyo vitatu husinyaa, hata kama picha ni nyingi kama mchanga.

Wajibu wa mwalimu

Walimu wenzangu, sisi hatuwezi kuzirudisha nyakati za vijiji ambamo kila mtu alimjua kila mtu, na pengine nyakati hizo hazikuwa njema kama tunavyopenda kuzisimulia. Yako, hata hivyo, mambo matatu tuyawezayo darasani.

Kwanza, tuwazoeze wanafunzi kuuliza habari za vitu. Kalamu hii, kitambaa hiki, chai hii, simu hii, imepita katika mikono ya nani? Insha ya namna hiyo hufundisha msamiati mwingi, na hufundisha pia jicho la Morel.

Pili, tusiifundishe historia kwa tarakimu peke yake. Mwanafunzi wetu hukariri 1885 na 1908 akapata alama nzuri, bila kujua kwamba kati ya miaka hiyo aliishi mtoto aitwaye Boali. Tarakimu ni za lazima, lakini kila tarakimu ifuatane na jina moja angalau, kama alivyofanya Lontulu.

Tatu, tuwape wenye uchungu nafasi ya kusema wenyewe. Makosa ya wengi waliowatetea Wakongo ni kwamba waliwasemea, na hata maneno yao yalipoandikwa yakafungiwa kabatini. Katika kila darasa wamo wanafunzi waliokimbia vita, waliofiwa, au wenye wazazi wagonjwa. Lugha tunayoifundisha ni chombo chao cha kuyasema hayo, kwa insha, kwa shairi au kwa mazungumzo, mbele ya wenzao waliofundishwa kusikiliza bila kucheka na bila kukimbilia kutoa ushauri.

Tarehe 30 Juni 2020, Kongo ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimwandikia Rais wa Kongo akieleza majuto yake makubwa kwa mateso ya wakati ule. Kati ya barua hiyo na vijiti vya Lontulu imepita zaidi ya miaka 110, yaani mwaka mmoja na zaidi kwa kila kijiti. Tusingoje muda kama huo kuwasikia wenzetu walio hai. Yeyote kati yetu atakayekuwa na kipindi wiki hii na aanze na jambo dogo: awaombe wanafunzi wataje jina la mtu mmoja ambaye kazi yake huwafikia kila siku, na ambaye hawajapata kumwuliza habari zake. Wakikosa la kutaja, na wapewe wiki moja wakalitafute.